Dirisha si picha: kabla uandike kupitia VIEW, jua data inaangukia wapi

Kuna uongo mmoja unazunguka kwa madarasa ya kompyuta na kwa video za mafunzo, na leo tunauzika. Unasema hivi: "VIEW ni ya kuangalia tu." Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, mtihani unapita. Halafu mtu anaenda kazini akiamini kwamba akimpa mfanyakazi VIEW badala ya jedwali, amefunga mlango. Hajafunga kitu. Kwa databesi nyingi tunazotumia, ukiandika kwenye VIEW rahisi, kile umeandika kinashuka moja kwa moja hadi kwa jedwali lililo chini yake. Data halisi inabadilika, na ni ya watu halisi.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usiutafute sana. Kuandika data kupitia VIEW ni kitu kizuri, na tungefaa kuwa tunaifanya zaidi. Lakini VIEW isiyo na kitasa ni mbaya kuliko jedwali lililo wazi, juu jedwali likiwa wazi angalau kila mtu anajua liko wazi.

Kama hujawahi andika programu hata siku moja, usiende. Nitaeleza na matatu, na matatu kila mtu anaelewa.

Tuanze na SACCO

Chukua SACCO ya matatu hapa Nairobi yenye njia tatu: Rongai, Kikuyu na Kitengela. Ni ya kubuni, usianze kuuliza ni gani. Ofisi yao iko na databesi, na ndani kuna jedwali linaitwa gari. Kila mstari ni gari moja: namba pleti, njia, dereva wa leo, namba ya mwenye gari, na deni la mkopo ambalo bado linadaiwa.

Sasa kuna karani wa steji ya Rongai. Kazi yake asubuhi ni kuandika dereva gani ameshika gari gani. Hahitaji kujua mtu anadaiwa pesa ngapi. Hahitaji kuona magari ya Kikuyu. Kumpa jedwali lote ni kama kumpa mpangaji funguo za ploti nzima kwa sababu alikuomba mahali pa kuanika nguo.

Kwa hivyo unamtengenezea dirisha:

CREATE VIEW magari_ya_rongai AS
SELECT namba, njia, dereva
FROM gari
WHERE njia = 'Rongai';

SQL inaiita VIEW, mimi naiita dirisha, na kuna sababu. Dirisha hili halina data yake. Ni swali tu ambalo limepewa jina na kuhifadhiwa. Kila ukilifungua, databesi inarudi kwa jedwali la gari, inachuja magari ya Rongai, inaficha kolamu ya deni, halafu inakuonyesha kilichobaki. Unachoona kiko upande ule mwingine wa kioo. (Kuna aina nyingine ya VIEW inayohifadhi nakala ya matokeo. Hiyo tuiache leo.)

Karani akitaka kubadilisha dereva, anaandika hivi:

UPDATE magari_ya_rongai
SET dereva = 'Kamau'
WHERE namba = 'KDA 000A';

Hapo ndipo watu wanadhani databesi itakataa. Haikatai. Inaangalia dirisha limetengenezwaje, inaona kila mstari wa dirisha ni mstari mmoja wa jedwali la gari, inaona kolamu ya dereva ni ileile ya chini, halafu inageuza amri yako iwe amri juu ya jedwali. Na inaongeza sharti la njia ya Rongai yenyewe. Kwa hivyo hata karani akijua namba pleti ya gari la Kikuyu kwa kichwa, akijaribu kulibadilisha ama kulifuta kupitia dirisha lake, databesi itamwambia imepata mistari sufuri. Kwake hilo gari halipo.

Ukifikiria vizuri, hiyo ni noma. Umempa mtu uwezo wa kufanya kazi yake na hujampa kitu kingine chochote. Hujaandika apu, hujalipia seva ya pili. Mistari minne ya SQL.

Hii si hila ya jana

Wazo hili ni la zamani kutuliko sisi sote. Edgar Codd, yule mtu wa IBM aliyeandika mwaka wa 1970 karatasi iliyozaa databesi za majedwali, alirudi mwaka wa 1985 na orodha ya masharti ambayo databesi lazima itimize kabla ijiite ya aina hiyo. Wanayaita masharti 12 ingawa yako 13, juu alianza kuhesabu na sufuri. (Mtu wa kompyuta kweli.) Sharti la 6 linahusu mada yetu: kila dirisha ambalo kwa nadharia linaweza kuandikika, mfumo wenyewe uweze kuliandika.

Sentensi fupi, lakini hadi leo hakuna mtu ameitimiza kikamilifu. MySQL ilileta VIEW kwa toleo la 5.0, mwaka wa 2005, na zile rahisi ziliandikika. PostgreSQL ilikaa sana. Ilibidi uandike maelekezo yako mwenyewe hadi toleo la 9.3 la mwaka wa 2013, ambapo madirisha rahisi yalianza kuandikika bila kuomba ruhusa ya mtu. SQLite, ile databesi ndogo iliyo ndani ya simu yako saa hii, imekataa hadi leo: VIEW zake ni za kusoma tu, mpaka umwekee triga. Labda wale waliotuambia "ni ya kuangalia tu" walijifunzia SQLite wakadhani dunia yote iko hivyo.

Neno la kushika hapo ni "rahisi". PostgreSQL iko wazi kuhusu maana yake. Dirisha litoke kwa jedwali moja tu, ama kwa dirisha lingine moja linaloandikika. Lisiwe na GROUP BY, DISTINCT, LIMIT wala UNION. Lisiwe na jumla wala wastani kwa zile kolamu. Ukipita hapo, linaandikika lenyewe, upende usipende, na anayeamua ni nani aandike ni ruhusa ulizotoa. Hiyo "upende usipende" ndiyo imenifanya niandike hii kitu.

Gari linapotea bila kuibiwa

Rudi kwa dirisha letu. Lina kolamu ya njia. Karani wa Rongai, akiwa na haraka ama akiwa na nia mbaya, anaandika:

UPDATE magari_ya_rongai
SET njia = 'Kikuyu'
WHERE namba = 'KDA 000A';

Inapita. Wakati databesi iliangalia, gari lilikuwa la Rongai, kwa hivyo liko ndani ya dirisha na linaguswa. Baada ya kubadilishwa si la Rongai tena. Karani akifungua dirisha lake, gari limetoweka. Hakuna ujumbe wa kosa. Huko Kikuyu kumetokea gari ambalo hakuna mtu wa steji amewahi kuliona. Jioni mwenye gari anapiga simu kuuliza mbona gari lake halimo kwa orodha ya leo, na karani anaapa kwa jina la mamake kwamba hajafuta kitu. Na kusema kweli, hajafuta.

Kuingiza gari jipya ni vilevile. Anaweza kupitia dirisha la Rongai na kuingiza gari la Kitengela. Linaingia, lakini halionekani. Anadhani mtandao umemchezea, anajaribu tena. Sasa databesi inamwambia hiyo namba pleti tayari iko. Iko wapi? Kwa dirisha lake haipo. Hapo ndipo mtu anaanza kuamini ofisi ina majini.

Dawa yake ni maneno matatu:

CREATE VIEW magari_ya_rongai AS
SELECT namba, njia, dereva
FROM gari
WHERE njia = 'Rongai'
WITH CHECK OPTION;

Hicho ndicho kitasa. Kinasema hivi: usikubali mtu aandike kupitia hapa kitu ambacho hakitaonekana kupitia hapa. Yule karani akijaribu kulipeleka gari Kikuyu, anakataliwa papo hapo na anaambiwa kwa nini. MySQL inacho. PostgreSQL ilikiongeza kwa madirisha yake kwenye toleo la 9.4, mwaka wa 2014. Hakiuzwi, hakihitaji kuinstoliwa. Na bado ukifungua mafunzo mengi ya SQL ya wanaoanza, sehemu ya VIEW inaisha kabla ya kufika hapo.

Kama una dirisha juu ya dirisha, sema magari ya Rongai ya zamu ya asubuhi yametolewa kwa magari ya Rongai, jua kwamba kitasa kina aina mbili. CASCADED inaangalia masharti ya dirisha lako na ya madirisha yote yaliyo chini. LOCAL inaangalia la hapa tu, na ya chini yanaangaliwa tu kama yenyewe yana kitasa. Ukiandika WITH CHECK OPTION bila kusema aina, PostgreSQL na MySQL zinachukua CASCADED. Iache hivyo.

Mtu mwerevu atasema: si nifiche tu kolamu ya njia, karani asiweze kuigusa? Kwa kubadilisha, ni kweli inasaidia. Kwa kuingiza, umejichimbia shimo. Gari jipya litaingia bila njia kabisa, na kwa sababu "hakuna" si Rongai, litatoweka mara tu limeingia. Ama jedwali litakataa kwa sababu njia ni lazima ijazwe, na karani hana mahali pa kuijaza. Kama kazi ya karani si kusajili magari, usimpe ruhusa ya kuingiza. Simple.

Maswali ambayo databesi haiwezi kukujibia

Sasa tuone kwa nini sharti la Codd ni gumu. Si uvivu wa wanaotengeneza databesi. Wakati mwingine swali lenyewe halina jibu.

Sema SACCO iko na jedwali la safari, na kila safari imeandikiwa pesa iliyokusanywa. Unatengeneza dirisha la jumla ya siku kwa kila gari. Gari moja limeingiza shilingi 18,500. Meneja anaangalia, anasema hapana, ilikuwa 20,000, anataka kubadilisha hiyo namba. Zile 1,500 zilizoongezeka zinaenda kwa safari gani? Ya saa kumi na moja asubuhi? Zigawanywe kwa zote? Iandikwe safari mpya ambayo haikuwahi kutokea? Databesi haijui, na wewe pia hujui. Jumla ikishajumlishwa, njia ya kurudi imefutika. Kwa hivyo inakataa, na iko sawa kukataa.

Ile ya pili inauma zaidi, juu wakati mwingine haikatai. Majina na simu za wenye magari ziko kwa jedwali lao, linaitwa wamiliki. Unayaunganisha:

CREATE VIEW magari_na_wenyewe AS
SELECT g.namba, g.njia, w.jina, w.simu
FROM gari g JOIN wamiliki w ON g.mmiliki = w.id;

Mama mmoja ana matatu tatu. Kwa dirisha hili anaonekana mara tatu, mstari mmoja kwa kila gari, na namba yake ya simu imerudiwa mara tatu. Siku moja anasema gari moja litasimamiwa na ndugu yake, kwa hivyo ujumbe wa hilo gari uende kwa simu ya ndugu. Karani anatafuta ule mstari mmoja, anabadilisha simu. Kwa MySQL inakubalika, kwa sababu amegusa kolamu za jedwali moja tu.

Anatazama tena. Mistari yote mitatu imebadilika.

Hakuna aliyedukua. Simu iliandikwa mahali pamoja tu, kwa jedwali la wamiliki, na ile mistari mitatu ilikuwa vivuli vyake. Karani alifikiri anabadilisha gari, kumbe alikuwa anabadilisha mtu. Kuanzia hapo yule mama hapati ujumbe wa magari yake mawili mengine, na hajui mbona kumenyamaza.

Na kufuta je? Ukifuta mstari wa dirisha hili, unafuta gari, unafuta mama, ama unafuta wote wawili? MySQL inakataa kabisa kufuta kupitia dirisha lililounganisha majedwali. Oracle inaangalia ni jedwali gani ambalo kila mstari wake unatokea mara moja tu kwa matokeo, hapa ni gari, kwa hivyo inafuta gari na kumwacha mama. PostgreSQL haiguzi dirisha la aina hiyo mpaka wewe mwenyewe uandike triga ya INSTEAD OF, yaani uiambie: mtu akifuta hapa, fanya hivi. Databesi tatu, majibu matatu, kwa swali moja. Ndio maana nasema usinakili dirisha la mtu kutoka mtandaoni bila kujua aliliandikia databesi gani.

Wasee wa Supabase, hii ni yenu

Vijana wengi wa Nairobi na Eldoret na Mombasa wanajenga apu na huduma kama Supabase, ambazo chini yake ni PostgreSQL. Iko fiti. Unaweka sheria za mstari kwa mstari, zile wanaita RLS, ndio kila mtumiaji aone mistari yake tu. Halafu siku moja unahitaji orodha ndogo kwa ukurasa wa mbele, unatengeneza VIEW, inafanya kazi, unaenda kulala.

Kuna kitu hukuambiwa. Kwa PostgreSQL, dirisha kwa kawaida hutumia ruhusa za mwenye dirisha, si za mtu anayelitumia. Hiyo ndiyo inafanya mbinu ya karani iwezekane: hana ruhusa kwa jedwali la gari, lakini dirisha linamfikishia. Sasa igeuze. Kama dirisha ni la akaunti ambayo sheria zako za RLS haziigusi, anayepitia dirishani anaziruka zote. Na kama dirisha ni rahisi, na hukuondoa ruhusa za kuandika, hasomi tu. Anaandika. Ulitengeneza dirisha la kuonyesha majina, ukafungua mlango wa kuyabadilisha.

Tangu toleo la 15, la mwaka wa 2022, unaweza kuandika WITH (security_invoker = true) wakati unatengeneza dirisha, na hapo ruhusa na sheria za RLS zinazohesabika ni za anayelitumia. Bei yake ni kwamba huyo mtu atahitaji ruhusa kwa jedwali la chini pia. Ni mipango miwili tofauti: ama dirisha ndilo mlinzi, ama jedwali ndilo mlinzi. Chagua moja na ujue umechagua. Hatari ni pale umechagua moja kichwani na databesi imechagua nyingine.

Nani anabeba lawama

Hapa ndipo mimi huwa nakasirika. Kwa ofisi ndogo, kazi ya data hupewa kijana: mwanafunzi wa atachimenti, ama yule aliyeajiriwa "anajua computer". Siku ya kwanza anapewa paswadi ya admini, ileile ambayo wote wanatumia, imeandikwa kwa karatasi ya njano kwa ukuta. Hakuna dirisha wala mipaka. Anafungua jedwali lote, madeni, simu, vitambulisho, kila kitu, kwa sababu aliambiwa abadilishe kolamu moja.

Halafu kitu kinapotea. Unadhani nani ataitwa kwa ofisi?

Watu wanaona kumwekea mtu mipaka ni kutomwamini. Mimi naona ni kumlinda. Karani ambaye hawezi kuona deni la mtu hawezi kushtakiwa kwamba alitangaza deni la mtu. Kijana ambaye anaweza kubadilisha kolamu ya dereva peke yake hawezi kulaumiwa njia ikibadilika. Ruhusa ndogo ni ushahidi wako siku ngori imeanza. Kama uko atachimenti na umepewa ufunguo wa kila kitu, hiyo si heshima umepewa. Omba dirisha.

Na kuna wale hawako kwa ofisi. Yule mama wa matatu tatu hajui SQL ni nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka data ya mtu itumike kwa kiasi kinachohitajika kwa kazi yenyewe, na iwe sahihi. Watu husoma hiyo sheria wakifikiria fomu na vibonyezo vya "nakubali". Lakini "kiasi kinachohitajika" ukikiandika kwa SQL, kinakaa sana kama SELECT namba, njia, dereva. Na "iwe sahihi" inakaa sana kama WITH CHECK OPTION.

Najua mtasema nini

Kuna upande unasema: hakuna mtu anafaa kuandika kwa databesi moja kwa moja, kila kitu kipite kwa API, na mipaka iandikwe kwa programu. Nawaelewa. Kama una timu, una majaribio, na una mtu wa kuangalia kumbukumbu za seva, sawa kabisa. Lakini mimi nazungumzia mahali ambapo mhasibu ameunganisha Excel na databesi, ambapo developa wa kwanza alienda Dubai na wa pili alianza apu nyingine upya, na zote mbili zinaandika kwa jedwali moja. Programu huja na kuondoka, jedwali linabaki. Sheria ikiwekwa kwa apu moja, apu ya pili haiijui. Ikiwekwa kwa databesi, kila anayeingia anaikuta.

Kuna upande mwingine unasema: VIEW iwe ya kusoma, kuandika kuwe kwa fankisheni maalum inayoitwa kwa jina, kama badilisha_dereva. Hapa nakubaliana nusu. Kama kitendo kina hatua tatu, gari linabadilishwa njia, bima inaarifiwa, deni linahamishwa, usijaribu kukificha ndani ya triga ya dirisha. Mtu atakayekuja baada yako ataona UPDATE moja ya kawaida na hatajua chini yake kuna mambo matatu yanatendeka. Andika fankisheni yenye jina, ijulikane. Lakini kwa kubadilisha kolamu moja ya jedwali moja, fankisheni ni kukodisha lori kubeba mkate.

Kwa hivyo ufanye nini kesho

Moja. Ingia kwa databesi yako uangalie ni VIEW gani zinaandikika. PostgreSQL na MySQL zote zina orodha inaitwa information_schema.views, na ndani kuna kolamu ya is_updatable. Soma majina moja moja. Ukipata moja inasema YES na hukuwa unajua, hiyo ndiyo kazi yako ya kesho.

Mbili. Kila dirisha la kuandikia lenye WHERE liwe na WITH CHECK OPTION. Kila moja. Hata kama unaamini karani wako.

Tatu. Toa ruhusa kwa kolamu, usitoe kwa jumla:

GRANT SELECT ON magari_ya_rongai TO karani_rongai;
GRANT UPDATE (dereva) ON magari_ya_rongai TO karani_rongai;

Utaniuliza, kama hawezi kugusa njia, kitasa ni cha nini tena? Ni kwa sababu ruhusa unayotoa leo kwa uangalifu, mtu mwingine ataiongeza mwaka ujao siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni akitaka kwenda nyumbani. Kitasa kitakuwa bado kiko.

Nne. Dirisha la kuonyesha liwe la kuonyesha. Kama halifai kuandikwa, ondoa ruhusa za kuandika waziwazi. Usitegemee kwamba hakuna mtu atajaribu.

Tano. Dirisha lililounganisha majedwali mawili, kabla umpe mtu, jiulize kwa sauti: huyu mtu akibadilisha hapa, anadhani anabadilisha nini? Kama jibu lake na jibu la databesi ni tofauti, usimpe.

Hiyo ya tano ndiyo kubwa kuliko zote, na haina amri ya SQL. Mtu akisimama mbele ya dirisha anaona gari, dereva, namba ya simu. Anaamini kile anaona. Wewe uliyelitengeneza ndiye unajua nyuma ya kioo kuna nini. Ukinyamaza, atanyoosha mkono akidhani anagusa kitu kimoja, na kitakachoanguka ni cha mtu mwingine.

Sasa niambie: databesi ya kazini kwenu, ama ya project yako ya chuo, nani ana paswadi ya admini, na alihitaji kolamu ngapi kweli?